Tanbihi katika vitabu tunavyoskani kwa wasioona: tuziweke wapi, tuziweke vipi?

Kalamu Nyekundu

Wakuu, habari za leo.

Juzi nilipewa kitabu cha historia ambacho kilikwisha kuskaniwa, kikasahihishwa na kuandikiwa "tayari". Kazi yangu ilikuwa kukitupia jicho la mwisho. Nina mazoea ya kuwasha kisoma skrini, ile programu inayosoma maandishi kwa sauti, na kufumba macho kwa kurasa kumi za mwanzo, kwa sababu jicho husamehe mengi ambayo sikio halisamehi. Nilipofika ukurasa wa tatu, sauti ikanisomea kwamba mkutano fulani ulifanyika mwaka elfu kumi na tisa, mia sita thelathini na mbili.

Nikafungua picha ya ukurasa. Kitabuni pameandikwa 1963, na begani mwa ile 3 pana namba 2 ndogo ya tanbihi. Programu ya kutambua herufi iliishusha ile 2 ikaigandisha kwenye mwaka: 19632. Msahihishaji wa kwanza alipita hapo kwa macho na akili yake ikamsomea 1963, maana ndicho alichotarajia kukiona.

Nikaendelea kusikiliza. Tanbihi zenyewe zilikuwa zimeachwa chini ya ukurasa kama zilivyochapwa, na sentensi inayovuka ukurasa ikasomwa hivi: "wazee wakakubaliana kuwa mashamba ya", halafu mistari saba ya majina ya nyaraka na namba za majalada, halafu "ukoo yasiuzwe". Mwenye kuona hukiruka kipande kile bila hata kujua kwamba amekiruka. Anayesikiliza hukimeza chote, na akifika kwenye "ukoo yasiuzwe" ameshasahau ni nini kisiuzwe.

Naomba tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu naona kila mtu ana mtindo wake. Msimamo wangu ni huu: jicho humpa msomaji uwezo wa kujua kwamba tanbihi ipo, wa kuiacha akitaka, wa kuifuata akitaka, na wa kurudi palepale alipotoka. Faili letu likimnyima msomaji asiyeona hata kimoja kati ya hivyo, kitabu hakijawa tayari.

Makosa mengi huzaliwa kwenye skana. Pointi moja ya maandishi ni sehemu ya 72 ya inchi. Matini ya kitabu huwa pointi 10 au 11, tanbihi hushuka hadi 8, na namba ya begani huweza kuwa pointi 5 tu. Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, namba hiyo haipati hata nukta 21 za kusimama. Kwa 400 hukaribia 28, kwa 600 hukaribia 42. Kitabu chenye tanbihi nyingi mimi nakiskani kwa 400 na kwa kijivu, si kwa nyeusi na nyeupe tupu, kwa kuwa nyeusi na nyeupe hula ncha za herufi ndogo. Angalieni pia ukingo wa chini. Ukiikata picha kwa kuibana, mstari wa mwisho wa tanbihi ndio wa kwanza kuliwa.

Hata ukiskani vizuri, alama bado huharibika, na huharibika kwa namna zinazojirudia. Namba 1 ya begani hugeuka kikato cha juu (') au herufi l. Namba 5 hugeuka s. Kinyota hugeuka alama ya kufunga nukuu. Kile kisalaba kirefu † hugeuka t au f, ndiyo maana unakutana na neno kama "sheriat". Kikagua tahajia kitaishika "sheriat", lakini 19632 kitaiacha ipite, kwa sababu kwake hiyo ni namba kama namba nyingine.

Mimi kila alama naiweka ndani ya mabano ya mraba, mahali palepale ilipochapwa: 1963[2]. Siiachi ikiwa namba ya begani kwa kutegemea umbo la herufi peke yake. Mtu akiligeuza faili kuwa matini tupu, umbo hupotea, na tunarudi kwenye 19632.

Kuhusu mahali pa kuziweka, kitabu chenye tanbihi chache naziweka baada ya aya husika, nikifungua kwa "Tanbihi 2:" na kufunga kwa "Mwisho wa tanbihi". Kitabu chenye tanbihi nyingi nazipeleka mwisho wa sura, na viungo vya kwenda na kurudi. Ninyi mnafanyaje?

Ukurasa wa Saba

Mkuu, asante kwa uzi. Nitasema ukweli wangu ingawa najua haitapendeza. Mara nyingi mimi huzifuta. Sababu ni muda. Mwanafunzi anangoja kitabu, muhula unakwenda, na tanbihi nyingi ni "taz. uk. 45" tu. Nimeona afadhali apate matini safi mapema kuliko kupata kila kitu baada ya mtihani.

Sikio

Ndugu Ukurasa wa Saba, sitakulaumu, maana najua unajitolea na kazi hii huilipwi. Ila niruhusu niseme kama mtu anayepokea hayo mafaili upande wa pili. Mimi sioni tangu utotoni, na shule yote nimesoma kwa masikio.

Nilipokuwa chuoni niliandika insha nikamkosoa mwandishi mmoja kwamba hakutaja upinzani uliokuwepo dhidi ya hoja yake. Mhadhiri akanirudishia kazi akiwa ameandika pembeni: "Ameutaja, soma tanbihi." Katika faili langu hapakuwa na tanbihi yoyote. Hapakuwa hata na alama ya kunionyesha kwamba kuna kitu kimeondolewa. Mwenzangu aliyekaa kando yangu alikuwa na kitabu kilekile, sura ileile, naye alikuwa anajua jambo ambalo mimi sikuwa na njia ya kulijua.

Kama muda hautoshi, nipe faili lenye tanbihi zilizorundikwa mwisho wa sura bila viungo. Nitazitafuta mwenyewe. Lakini usiniamulie kwamba sizihitaji. Na kama umelazimika kuacha kitu, basi andika mwanzoni mwa faili kwamba tanbihi hazimo, ili nijue nitafute kwingine.

Kalamu Nyekundu, kwa hilo la "Mwisho wa tanbihi", Mungu akubariki. Bila maneno hayo huwa sijui mwandishi ameanza kusema tena saa ngapi. Mwenye kuona anaona herufi zimerudi kuwa kubwa, mimi nasikia sauti ileile, kwa kasi ileile.

Kalamu Nyekundu

Sikio, asante sana. Hilo la kuandika mwanzoni mwa faili nimelichukua.

Niongeze jambo moja kwa ndugu yetu, si kwa kumkaripia. Mkataba wa Marrakesh, ule uliopitishwa 2013 na kuanza kufanya kazi 30 Septemba 2016, ndio uliofungua mlango wa nakala hizi kutengenezwa na kuvuka mipaka bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki kila mara, pale nchi iliporidhia na kuweka sheria yake. Katika maana yake ya nakala inayofikika, mkataba unadai mambo mawili yanayotugusa hapa. Msomaji akifikie kitabu kwa wepesi na raha kama asiye na tatizo la kuona, na uzima wa kazi ya asili uheshimiwe, huku mabadiliko yanayohitajika ili kitabu kisomeke yakikubaliwa. Mimi nausoma hivi: kuihamisha tanbihi ni badiliko linalohitajika. Kuifuta ni kumpunguzia mwandishi maneno yake.

Mzee wa Nyaraka

Vijana, mmenigusa. Nami nina neno kuhusu namba zenyewe.

Kuna vitabu ambavyo hesabu ya tanbihi huanza upya kila ukurasa: ukurasa wa 12 una 1, 2, 3, ukurasa wa 13 una 1, 2. Vingine vinatumia kinyota, kisalaba, visalaba viwili, na kurudi tena kwenye kinyota ukurasa unaofuata. Ukizihamishia mwisho wa sura bila kufikiri, utakuwa na tanbihi 1 ishirini na tano. Kwa hiyo mtu hulazimika kuzihesabu upya, 1 hadi mwisho wa sura.

Sasa tazameni mtego wake. Ndani ya tanbihi mwandishi ameandika "taz. tanbihi 2 hapo juu". Kwa hesabu mpya, ile 2 imekuwa 31. Msomaji atakwenda tanbihi 2 ya sura na kukuta habari nyingine kabisa. Na mtafiti akitaka kunukuu "uk. 13, tanbihi 2", faili halimwambii tena.

Mimi nimezoea kuweka namba mpya na kumbukumbu ya zamani pamoja, ndani ya tanbihi yenyewe: "Tanbihi 31, ukurasa 13, awali 2". Inarefusha kidogo, lakini msomaji akinukuu, ananukuu sawa na wenye kitabu cha karatasi. Hapohapo nasisitiza namba za kurasa zibaki ndani ya faili. Nimeona watu wanazifagia zote wakidhani ni uchafu.

Kalamu Nyekundu

Shikamoo mzee. Hilo la "awali 2" sikuwahi kulifikiria. Mimi nilikuwa nahesabu upya na kuyarekebisha yale "hapo juu" moja moja, na sasa naona nilikuwa nabadilisha maneno ya mwandishi bila sababu.

Fundi Faili

Nije upande wa ufundi.

Kwanza, kwa wanaofanya kazi ndani ya Word: msichape namba kwa mkono na kuipandisha juu. Tumieni tanbihi za programu yenyewe, Ctrl+Alt+F. Ukifanya hivyo Word inajua kwamba hii ni alama na ile ni tanbihi yake, kisoma skrini kama NVDA kinaitangaza, na ukiligeuza faili kuwa EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki, kwa programu ya WordToEPUB ya DAISY (shirika la vitabu vinavyofikika) au ya Pandoc, viungo vinajitengeneza. Ukichapa kwa mkono, hakuna programu itakayojua kwamba ile 14 inahusiana na chochote.

Pili, ndani ya EPUB yenyewe alama hupewa jukumu, yaani lebo ya kueleza kazi yake, la doc-noteref, tanbihi doc-footnote, na kiungo cha kurudi doc-backlink. Majukumu haya yalipitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2017. Si urembo. Programu ya kusomea ikiyatambua inaweza kumwambia msomaji "rejeo la tanbihi" badala ya kusema "kiungo" tu.

Tatu, na hili naliona likikosewa hata na watu wazoefu: viungo vya kurudi. Sura ina tanbihi 60, na kila moja inaishia na kishale ↩ kitupu. Mtu akifungua orodha ya viungo kwa kisoma skrini anapata sitini vinavyofanana. Andika "Rudi kwenye 14". Vilevile alama ya mbele: namba moja ndogo ya begani kwenye simu ni kitu kidogo mno kugusa kwa mwenye uoni hafifu. Mabano ya mraba ya Kalamu Nyekundu yanasaidia hapo pia, yawekwe ndani ya kiungo, yasibaki nje.

Na kile kidirisha kinachochomoza juu ya ukurasa ukigusa namba, mimi sikitegemei peke yake. Kwenye baadhi ya programu ukikifunga, kisoma skrini kinarudi mwanzo wa sura. Kiungo cha kawaida cha kwenda na kurudi hakijawahi kuniangusha.

Nukta Sita

Natokea upande wa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, na nashukuru uzi huu haujaishia kwenye sauti.

Kifaa changu cha nukta nundu kina seli 40. Maana yake nasoma herufi 40 kwa mkupuo, nabonyeza, nasoma 40 nyingine. Tanbihi ya herufi 400 ni kubonyeza mara kumi. Ikiwa imekaa katikati ya sentensi, nabonyeza mara kumi nikiwa nimeshikilia nusu ya sentensi kichwani. Vidole havina namna ya kutupa jicho chini ya ukurasa kuona mwisho wake uko wapi.

Kwa hiyo nampinga kidogo mwenye uzi. Baada ya aya ni sawa kama aya ni fupi na tanbihi ni fupi. Nimekutana na aya ya ukurasa mzima yenye tanbihi nne nyuma yake, na nikifika huko sikumbuki tena tanbihi 1 ilishikamana na neno gani. Mwanzishe tanbihi kwa neno lenyewe: "Tanbihi 1, kwenye neno 'ngawira':". Mtu anajua mara moja.

Kalamu Nyekundu

Nukta Sita, nakubali kwa zile zinazofafanua neno. Kwa zile zinazotaja chanzo cha aya nzima sina uhakika ungechukua neno gani.

Nukta Sita

Kwa hizo acha namba tu. Hizo mara nyingi huzifuata nikiwa naandika kitu, si nikiwa nasoma.

Sikio

Hapo naafiki, lakini tusiende mbali zaidi na kuanza kuzigawa mafungu mawili, za maana mahali hapa na za vyanzo mahali pengine. Msahihishaji atakuwa ndiye anayeamua ipi ina maana. Ziwe pamoja, kwa mpangilio wa mwandishi. Vitabu vya muundo wa DAISY vilishalitatua hili kwa njia nzuri: tanbihi zikiwekewa alama sawasawa, msomaji anaweza kuzizima zote na kuziwasha tena. Uamuzi unabaki mkononi mwake.

Ukurasa wa Saba

Nimesoma yote. Sikio, lile la insha limenikaa. Sitafuta tena.

Naomba msaada wa kiutendaji. Nina kitabu cha Kiswahili ambacho sasa nataka kukirudia. Nikitafuta zile namba 1 zilizogeuka kikato cha juu, napata mamia ya ng'ombe, ng'ambo na kung'ang'ania. Nilijaribu kubadilisha vyote kwa pamoja nikaharibu kitabu, ikabidi nirudie nakala ya akiba.

Kalamu Nyekundu

Pole sana. Kiswahili chenyewe kinakupa njia ya kutokea. Kikato cha ng' hakimalizi neno kamwe, lazima kifuatwe na herufi nyingine: ng'oa, ng'aa, chang'aa. Kwa hiyo usitafute kikato, tafuta kikato kinachofuatwa na nafasi au alama ya uakifishi. Ukikuta "ardhi' ilikuwa", hapo kuna mashaka. Itabaki mikato ya kufunga nukuu, na utaitambua kwa kuwa mwenzake wa kufungua yupo nyuma. Mashairi yachunguze kwa macho, kwa kuwa watunzi hukata maneno kwa ajili ya mizani.

Kwa miaka, tafuta tarakimu tano mfululizo zinazoanza na 18, 19 au 20. Nyingi zitakuwa mwaka uliogandiwa na tanbihi. Tanbihi za tarakimu mbili zikigandia huwa sita: 196314. Zote zitazame kwenye picha kabla ya kugusa, kwa sababu kuna idadi halali zinazofanana, kama watu 19,632 walioandikwa bila mkato. Na usibadilishe vyote kwa mkupuo. Moja moja.

Mzee wa Nyaraka

Ongezeni lugha. Katika mipangilio ya programu ya kutambua herufi watu huchagua Kiswahili na kuishia hapo. Lakini tanbihi ndiko waandishi wetu wanakoweka majina ya vitabu vya Kiingereza, Kijerumani na Kiarabu. Programu inalazimisha kila neno liwe la Kiswahili. Chagueni lugha zote mnazoziona chini ya ukurasa. Nimeona "ibid.", kifupi cha Kilatini cha "mahali palepale", ikitoka kama "ibidi", na hiyo hakuna kikagua tahajia kitakachoisimamisha, maana ibidi ni neno.

Fundi Faili

Sahihi mzee. Na ndani ya EPUB wekeni alama ya lugha kwenye jina la kitabu cha kigeni, ili sauti ibadilike kwa wenye kisoma skrini chenye lugha zaidi ya moja. Kichwa cha Kijerumani kikisomwa na sauti ya Kiswahili, hakuna anayeelewa, hata Mjerumani.

Ukurasa wa Saba

Nimerudi na taarifa. Nilikaa nacho jana usiku. Sura ya nne: nimehesabu alama katika matini nikapata 61, nikahesabu tanbihi nikapata 58. Tatu hazipo.

Ya kwanza ilikuwa imemezwa na nyingine. Tanbihi 17 na 18 zimekuwa aya moja, na ile 18 imesomwa kama "I8" kwa herufi I. Ya pili ilianzia ukurasa wa 92 na kuishia ukurasa wa 93, nami zamani nilikifuta kile kipande cha ukurasa wa 92 nikidhani ni kijachini, hivyo mkia wake ulikuwa umebaki juu ya hewa bila namba. Nimezirudisha zote mbili, na ile ya kurasa mbili nimeiunga iwe kipande kimoja.

Ya tatu siioni popote. Ukurasa wa 101, alama [44] ipo kwenye matini, tanbihi haipo hata kwenye picha.

Kalamu Nyekundu

Kwenye picha, namba ya ukurasa wa 101 iko juu au chini?

Ukurasa wa Saba

Kurasa zote ziko chini, katikati. Ukurasa wa 101 hauna.

Kalamu Nyekundu

Basi picha yenyewe ilikatwa. Kama ni tanbihi ya mstari mmoja, ilikaa juu tu ya namba ya ukurasa, na vyote viwili vimekwenda pamoja. Kagua na kurasa nyingine zisizo na namba. Hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote.

Ukurasa wa Saba

Zipo nne: 101, 118, 119 na 140. Kitabu cha karatasi bado kiko kwangu. Naziskani upya kesho asubuhi kwa 400, na ukingo wote wa chini.

Sikio

Ukimaliza nitumie sura ya nne. Nitaisikiliza yote, tanbihi zikiwa zimewashwa, nikuletee makosa.